Wembe Uko Nyumbani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Wilbert ni namna alivyozishika ndevu zake kabla ya kuinama. Kila alipotaka kunyanyua boksi la chupa za chai kutoka sakafuni, alizikusanya kwa mkono wa kushoto, akazikunja, akazisukumia ndani ya shati kupitia nafasi ya vifungo, ndipo akainama. Akishaliweka boksi mezani, alizitoa taratibu na kuzilaza tena kifuani. Alifanya hivyo bila kujitazama, kama mwanamke anavyokaza kanga yake kabla ya kujitwisha ndoo.

Nilikuwa nimemaliza chuo nikawa nasubiri ajira, na wakati nasubiri nilikuwa nauza katika duka la vitenge la mama yangu mdogo, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Duka la vyombo la Wilbert lilitazamana na letu. Kati yetu palikuwa na njia ambayo wapita njia, mikokoteni na machinga waliigombania tangu asubuhi, lakini watu walipopungua kidogo niliweza kumwona vizuri: mtu mrefu wa makamo, kichwa hakina unywele hata mmoja, na chini ya uso huo mng'avu ndevu nyingi, nyeusi pembeni, katikati zikiwa na mchirizi wa mvi ulioteremka mpaka kifuani.

Sokoni kila Mchaga mwenye duka huitwa Mangi. Yeye walimwita Shehe Mangi. Wateja wageni walimwamkia, "Asalaam aleikum, shehe," naye aliitikia, "Waaleikum salaam," kwa adabu zote, huku amesimama chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyotundikwa juu ya rafu ya sahani.

"Shehe Mangi," alimtania siku moja Twaha, mbeba mizigo wa mtaa wetu, "leo unatusalisha adhuhuri au unakwenda kwenye jumuiya?"

"Leo nawasalisha kubeba. Haya, inua hiyo, mgongo wako una swaumu ya nini?"

Watu wakacheka. Wilbert hakucheka. Alikuwa mtu wa kutoa utani na kubaki na uso wake ule ule, kana kwamba utani ni chenji anayomrudishia mteja.

Mimi, kwa ujuzi wangu wa chuoni, nilidhani nimeshamwelewa. Siku hizi vijana wa mjini wanafuga ndevu, wanazipaka mafuta, wanapiga picha. Basi nikamwambia, "Mjomba, zinakupendeza. Wengi wanafuga lakini zako zimekaa vizuri."

Alikuwa anafuta vumbi kwenye hotpoti. Akaiweka chini.

"Mimi sifugi, msomi," alisema. "Mimi sijanyolewa."

"Na nani?"

"Na kaka yangu."

Akaja mteja wa sufuria, naye akamgeukia. Sikupata zaidi siku hiyo. Habari yenyewe niliipata vipande vipande, nyingine kwake mwenyewe mchana biashara inapolala, nyingine kwa Zahoro kinyozi, ambaye kiti chake kiko kwenye kibaraza cha nyumba ya marehemu babu yake, nyumba ya chini iliyobaki peke yake kati ya maghorofa, kona ya mtaa wetu.

Baba yake Wilbert, Mzee Rogath, alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Kibosho, chini ya mlima. Kila asubuhi kabla ya kwenda kugonga kengele ya kanisa alisimama dirishani na kunyoa. Alikuwa na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, ambao aliunoa kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Wanawe wawili, Jovin mkubwa na Wilbert kitinda mimba, walikuwa wakisimama kumtazama. Alikuwa akiwaambia kwamba mtu anayesimama mbele za watu asiende na uso wa kitandani. Wilbert alipokuja Dar kuanza biashara aliendeleza desturi hiyo. Kwa miaka mingi, kabla ya kufungua duka, alinyoa nyuma ya pazia kwa kipande cha kioo na maji ya chupa. Wembe wa kila siku ulimwachia vipele shingoni visivyokwisha, akavipaka spiriti, kesho yake akanyoa tena. Ilikuwa namna yake ya kumwamkia baba yake kila asubuhi kutoka mbali.

Mwaka ule wa korona alikuwa Guangzhou kuchagua mzigo. Ndege zikasimamishwa. Wakati amekwama hotelini, Jovin akampigia simu kutoka nyumbani: mzee amefariki.

"Nisubirini," Wilbert alisema. "Kaka, nakuomba. Mnisubiri."

Jovin alijibu kwamba wataona. Kesho yake simu ikaja tena: tumemzika.

Baadaye zilifika picha. Katika picha ya mwisho ndugu wote walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba, vichwa na nyuso zimenyolewa, zinang'aa kama mayai. Wilbert aliniambia kwamba asubuhi ile alikuwa bafuni hotelini na povu shavuni. Aliitazama picha, akanawa povu, akaurudisha wembe kwenye mfuko.

Katika ukoo wao, msiba wa mzazi haukunjwi mpaka watoto wanyolewe. Baba mdogo humnyoa mtoto wa kwanza wa marehemu, kisha mtoto wa kwanza huwanyoa wadogo zake kwa mkono wake mwenyewe, kwa wembe wa marehemu. Aliyekuwa mbali husubiriwa. Akifika hunyolewa uani kabla hajaingia ndani. Asiponyolewa, wao wamemaliza msiba lakini yeye bado yumo. Tena kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Kumzika mwenye nyumba bila mrithi wake kutupa udongo, kwa Wilbert, ilikuwa ni kama kufunga mlango yeye akiwa nje.

Aliporudi Tanzania hakupanda Kibosho. Alituma neno kwa ndugu aliyekuwa akienda nyumbani: aliyezika bila mimi ashuke aninyoe hapa hapa Dar. Neno likarudi kutoka kwa Jovin, fupi: wembe uko nyumbani, aje.

Ikawa hivyo. Kila Desemba, wakati watu wa Kilimanjaro wanafunga maduka na kupanda, Wilbert alibaki Kariakoo. Aliwapakilia wenzake mabasini zawadi za mama yake: sukari, mchele wa Kyela, blanketi, gesi. Mama alipopiga simu kuuliza kwa nini haji, alisema kazi. Kwa kaka yake alituma maneno yale yale, na maneno yale yale yakarudi. Kichwani Mungu alikuwa ameshamnyoa zamani, kwa hiyo msiba wote ukakaa kwenye ndevu.

Si jambo rahisi kuziacha ndevu ziote kwa mtu aliyezoea kunyoa kila siku. Mwanzoni ziliwasha mpaka akawa anajikuna mbele ya wateja. Ziliota kwa mafungu, nyingine zikajipinda na kurudi ndani ya ngozi. Alizisugua kwa sabuni ya kipande, zikawa ngumu kama katani, na mkewe, Vicky, akamwambia, "Baba, mimi niliolewa na mtu. Huyu aliyelala hapa na fagio kidevuni simjui." Alisema kwa kucheka, lakini alikuwa anajua sababu, akanyamaza.

Zahoro ndiye aliyemwokoa. Yeye ni Mzaramo wa Kariakoo hiyo hiyo, na ndevu kwake ni sunna. Baba yake alikuwa nazo, na babu yake. Siku moja alimwona Wilbert akizivuta kwa kitana cha meno madogo, akashindwa kuvumilia.

"Mangi, unanyonyoa kuku? Njoo hapa."

Akamkalisha kitini. Wilbert akamkamata mkono. "Wembe usiniguse, Zahoro."

"Sina habari na wembe. Kaa."

Akamfundisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya majani, kisha mafuta ya nazi zikiwa bado na unyevu, yashuke mpaka kwenye ngozi. Chanuo la meno mapana, kwanza kutoka chini kwenda juu ili zifunguke, ndipo kutoka juu kwenda chini. Fundo halivutwi, linafunguliwa kwa vidole. Usiku zisilale mdomoni. Vile vipele vya shingoni vya miaka mingi vikaisha vyenyewe.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya masharubu. Yaliteremka mpaka yakaingia kwenye mchuzi.

"Sisi ndevu tunaziacha, masharubu tunapunguza," alisema Zahoro. "Hata dini yako haijasema ule nywele."

"Mkasi nao si chuma?"

"Ni chuma. Lakini mkasi unapunguza, haunyoi. Mdomo wako haukufiwa, Mangi."

Wilbert alifikiri siku kadhaa, akakubali. Tangu hapo kila Ijumaa asubuhi, kabla Zahoro hajaenda msikitini, alikaa kwenye kile kiti na kupunguzwa masharubu kwa mkasi. Zahoro hakuzitupa nywele zile na nywele za wateja wengine. Alizifunga kwenye kipande cha gazeti akampa. "Hizi zina mwenyewe," alisema. "Mimi si mwenyewe."

Nilipoyajua hayo nilianza kumtazama Wilbert kwa jicho jingine. Wengine waliona ndevu zilizotunzwa. Mimi niliona mtu anayetandika kitanda kila asubuhi kwa ajili ya mgeni ambaye amekataa kuja. Niliwahi kumuuliza kwa nini asipande tu yeye, maana ni mdogo. Nilijisikia hodari kusema hivyo. Alinijibu kwa upole.

"Nikipanda, msomi, nitakuwa nimesema alifanya vyema. Kila nikinyanyua mguu nasikia sauti yake: tumemzika. Hivyo tu. Hata pole hakuongeza."

Mwaka huu, vuli ilipoanza, mama yake akaja Dar. Bi Candida amezeeka, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kiasi kwamba alitambua watu kwa sauti. Jovin alimsindikiza mpaka kwenye basi huko Moshi, lakini yeye hakupanda. Wilbert alimpokea mama yake stendi ya Mbezi. Bi Candida alinyoosha mikono kumshika mwanawe uso kama ilivyo kawaida yake, mikono ikazama kwenye ndevu, akacheka.

"Hee! Umekuwa kama wale mapadre wa misheni wa zamani. Ndiyo mtindo wa mjini?"

"Ndiyo, mama," Wilbert akasema.

Akapasuliwa jicho la kwanza. Siku ile walipomfungua bandeji, Vicky alikuwa naye, na walipotoka kliniki Bi Candida akasema hataki kwenda nyumbani kulala. Anataka kuona duka la mwanawe, maana amelisikia tu. Wakaja Mchikichi polepole, mama amevaa miwani nyeusi, Vicky amemshika mkono, Twaha akitangulia kufungua njia: "Mama anapita, mama anapita, jamani nyie hamna wazazi?"

Mimi nilivuka na kiti cha plastiki. Zahoro alikuja kutoka kona, taulo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Zahoro? Vicky ananiambia wewe ndiye unayemchana mtoto wangu." Bado alikuwa anacheka. Kisha akavua miwani.

Wilbert alikuwa amesimama nyuma ya meza. Bi Candida akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa lile jicho jipya lililokuwa na maji maji, kuanzia kwenye upara mpaka pale ndevu zilipoishia. Kicheko kikamwisha usoni. Hakukaa kwenye kiti nilichomletea.

"Hizi si za mtindo," alisema.

Wilbert akazilaza ndevu vizuri kifuani.

"Nilipokuwa msichana niliwaona wanaume wa namna hii. Walikuwa wakirudi kutoka mashamba ya mkonge, wanakuta wazazi wameshazikwa. Wanakaa nje ya ua hivyo hivyo na manywele yao mpaka wanyolewe." Akashika ukingo wa meza. "Wilbert, hujanyolewa?"

"Sijanyolewa, mama."

"Msiba wa baba yako?"

"Wa baba."

Mteja mmoja alikuwa anauliza bei ya birika. Twaha akamwambia arudi baadaye. Vicky alikuwa ameinamisha uso.

"Miaka yote hii," alisema Bi Candida. "Unamsubiri nani?"

"Jovin. Ndiye aliyemzika baba bila kunisubiri. Nilimwomba, mama. Nilimwomba kwa simu kama mtoto mdogo. Hata siku mbili hakungoja."

Hapo Bi Candida akakaa. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa juu ya boksi la sahani lililokuwa karibu, na mimi nikaogopa kwamba ameanguka. Alikuwa amekunja miwani yake mkononi, anaifungua na kuikunja.

"Si Jovin," akasema.

"Mama?"

"Si Jovin. Ni mimi. Jovin alitaka kukusubiri. Alilia pale uani, akasema Wilbert ndiye mwenye nyumba, tumsubiri hata mwezi. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikwenda kule chumba cha maiti nikamwona baba yako amewekwa kwenye friji kama samaki. Hakuna aliyejua ndege zitafunguliwa lini. Nikasema siwezi. Nikasema azikwe kesho."

Wilbert alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaishika tu.

"Kwa nini alisema ni yeye?"

"Hakusema ni yeye. Alisema tumezika. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme ni nani." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi sote tutege masikio, na kelele za mtaa zilikuwa pale pale. "Nilifikiri, mtoto akimkasirikia kaka yake atapoa, kaka hugombana na kaka. Akinikasirikia mimi, na baba yake hayupo tena, atarudi nyumbani kwa nani? Nikajificha nyuma ya mgongo wa Jovin. Na bado hukurudi. Nikawa naona aibu kusema, mwaka ukaisha, na mwingine. Lakini ndevu sikujua, Wilbert. Naapa sikujua. Jovin hakuniambia kwamba unangoja."

Sikuwahi kumwona Wilbert hana la kufanya kwa mikono yake. Aliiweka ile chupa, akaichukua, akaiweka tena. Hakupaza sauti. Alizunguka meza akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, na kwa mara ya kwanza aliinama, kichwa mpaka chini, bila kuzikunja ndevu. Zikagusa sakafu ya duka, zikaingia vumbi. Mama akazishika kwa mikono miwili, akaanza kuzipangusa.

Zahoro alikohoa. "Mangi," alisema taratibu, "kama neno limeshajulikana, kiti kipo. Nikunyoe?"

Wilbert akatikisa kichwa. "Sasa ndiyo sitaki mkono mwingine kabisa, Zahoro. Nimemfungia mlango mtu asiye na kosa."

Akatoa simu. Namba ya Jovin alikuwa nayo muda wote. Aliweka sauti kubwa ili mama asikie, na sisi wengine hatukujua kama tuondoke au tubaki, tukabaki.

"Mama kapatwa na nini?" sauti ya Jovin ilisema kabla ya salamu yoyote. "Jicho limeharibika?"

"Jicho ni zima. Shikamoo, kaka."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa mbuzi, kisha mlango ukafungwa.

"Marahaba," Jovin akasema.

"Mama amesema."

"Amesema nini?"

"Yote."

Twaha akaitazama ile simu kuona kama imekatika.

"Alikuwa ameniapisha," Jovin alisema mwishowe. "Na mimi nikakasirika, Wilbert. Nilisema, huyu kweli anaamini ningefanya hivyo? Basi na aamini. Ndiyo maana sikushuka. Tusiseme ni mama peke yake."

"Wembe uko wapi?"

"Uko pale pale dirishani. Naufuta na kuupaka mafuta. Usipate kutu."

Wilbert akazishika ndevu zake, zilizokuwa zinanukia mafuta ya nazi, akageuza uso pembeni. Kisha akasema, "Nakuja nyumbani. Nitapanda kesho."

"Na mama?" alidakia Jovin. "Daktari si amesema asisafiri mpaka wamalize jicho la pili? Utamwacha na nani wa kumtia dawa? Halafu uninyime mimi Krismasi na mama yangu? Kaa hapo hapo. Nashuka mimi."

"Wewe ni mkubwa, kaka. Si desturi ushuke."

"Desturi ni wembe na mkono. Kaa hapo."

Bi Candida akasema kwa nguvu, ili asikike: "Jovin, na udongo wa pale kaburini ulete kidogo kwenye karatasi. Asimame juu yake, itakuwa ndiyo ua wa nyumbani."

"Sawa, mama."

Hiyo ilikuwa juzi. Leo Mtaa wa Mchikichi umejaa watu wanaonunua vya sikukuu, na mabasi ya Moshi yanaondoka yamebeba watu mpaka kwenye viti vya katikati. Jovin peke yake, kwa mawazo yangu, ndiye Mchaga anayeshuka wakati wote wanapanda. Alipiga simu kutoka Korogwe, tena kutoka Chalinze. Wilbert amefunga nusu ya duka. Zahoro amehamishia kiti chake ndani, mbele ya meza, ametandika taulo jeupe ambalo halijatumika. "Mimi leo ni mtazamaji," amesema. "Nimekuja kuona kazi ya wengine."

Asubuhi alimchana Wilbert kwa mara ya mwisho. Alichukua muda wake: kwanza kutoka chini kwenda juu, ndipo kutoka juu kwenda chini, mafundo kwa vidole, mafuta kidogo kwenye ncha. Vicky aliuliza kama inafaa kutunza kitu kinachokwenda kunyolewa. Zahoro akamwambia, "Shemeji, maiti nayo huoshwa." Vifurushi vyote vya gazeti vyenye nywele za miaka hii viko mezani, ili vizikwe pamoja na zitakazonyolewa leo, nyumbani, Pasaka, watakapopanda wote.

Kisha ikanyesha. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, ikanyesha kama iliyotumwa. Jovin alipopiga tena alikuwa anapiga kelele juu ya kelele za watu wengine: basi la mwendokasi limewashusha Magomeni, Jangwani pamejaa maji, hakuna kinachopita. Alikuwa anayaona maghorofa ya Kariakoo ng'ambo ya bonde.

"Nakwenda kumchukua," Wilbert alisema, akasimama.

"Utapita wapi, wewe una mapezi?" Zahoro akamwambia. "Kaa. Mwambie azungukie Kinondoni, apite Salenda, atokee Upanga mpaka Mnazi Mmoja. Pale tutamtuma mtu."

Jovin amefanya hivyo. Maji ya kunyolea yamepoa mara kadhaa. Sasa Vicky ameyachemsha upya na kuyatia kwenye chupa ya chai mpya aliyoichukua rafuni, na Bi Candida ameipakata kama mtoto, jicho lake jipya limekaa mlangoni. Amekataa kula. Anasema atakula wakishakula wote wawili.

Punde simu imelia. Jovin amevuka daraja la Salenda, yuko kwenye bodaboda, amelowa, wembe uko mfukoni ndani ya kitambaa, udongo ameuweka kifuani usilowe.

"Twaha," Wilbert ameita, "kimbia Mnazi Mmoja, kaa pale upande wa barabara ya Uhuru. Hakujui huku, hajawahi kufika dukani kwangu."

Twaha amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. "Nitamjuaje?"

"Anafanana na mimi. Sote tuna uso wa baba. Ukimwona tu utasema huyu ni Wilbert."

Twaha amesimama mlangoni, mvua inampiga miguuni, hacheki.

"Mangi," amesema, "mimi uso wako sijawahi kuuona."

Wilbert amepeleka mkono kidevuni, ameuacha pale. Bi Candida ndiye aliyesema, "Nenda tu, baba. Ukiona mzee aliyenyoa vizuri, amelowa, anatafuta njia, ndiye huyo," na Twaha ametoka mbio kukata Mtaa wa Sikukuu.

Nimeacha vitenge vyetu bila mtu, nimekaa hapa kwenye kiti cha plastiki. Hata mimi sijawahi kuuona. Mvua inapungua. Kila anayekunja kona akiwa amelowa, sote tunanyanyuka.